Nilipotafuta ad litem Malindi: kazi safi, ngazi mbovu

Nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nimeizuia kwa makusudi. Ofisi yenyewe ni ya wakili mmoja na karani wake, iko ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya umeme, si mbali na soko la Malindi, Pwani ya Kenya. Jina silitaji kwa kuwa mwenyewe hakuniomba nimpigie debe. Anijuaye na apite dukani kwangu, kwenye leso na madera, nitamwonyesha mlango kwa kidole.

Nilichokifuata huko ni karatasi moja tu ya mahakama, ya kumruhusu mtu kufungua au kuendeleza kesi kwa niaba ya marehemu, ile ambayo koridoni kila mtu huiita "ad litem", na wengine "adilitemu", kama jina la dawa ya minyoo.

Marehemu baba alikuwa na kesi ya shamba huko Mambrui. Jirani alijenga ukuta, ukuta ukavuka mpaka, ukameza minazi yetu kadhaa na mwembe boribo ambao sote tumekulia kivulini mwake. Mzee hakutaka ugomvi wa mapanga, akaenda mahakamani. Kesi ikatajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena, hakimu akahamishwa, akaja mwingine akaanza kuisoma faili upya. Katikati ya hayo baba akaitwa na Mola wake.

Wengi wetu hudhani mdai akifa, kesi yake inawaangukia wanawe papo hapo pamoja na shamba. Haiwi hivyo. Mtoto wa marehemu hana sauti mahakamani mpaka mahakama yenyewe imtambue kwa maandishi, na muda si wa kuchezea. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010, Amri ya 24, zinatoa mwaka mmoja tangu siku ya kifo. Mwaka ukiisha hakuna aliyeingizwa badala ya marehemu, kesi inakufa nayo. Inaweza kufufuliwa kwa maombi, ukitoa sababu za kumridhisha jaji, lakini hapo umeshakuwa mwombaji, na aliyejenga ukuta anakutazama akitabasamu.

Sasa katika mwaka huo toa eda. Mama alikaa ndani miezi minne na siku kumi kama dini inavyotaka, na katika nyumba yetu hakuna aliyethubutu kutaja mahakama mbele yake. Toa na wiki za mwanzo za wageni na hitima. Toa na muda wa kusubiri cheti cha kifo, na barua ya chifu inayotaja warithi wote, ambayo kwetu ilichelewa kwa sababu kaka mmoja yuko Oman na mwingine hapokei simu. Ukihesabu vizuri, huo mwaka wa sheria ni mfupi sana.

Kabla ya kupanda ile ghorofa nilisimamishwa na bwana mmoja mwenye meza yake chini ya mwarobaini, kompyuta ndogo na mihuri imepangwa kama vikombe vya kahawa. "Mama, ad litem? Elfu tatu tu, na shamba utauza hata kesho ukitaka." Nikamwuliza yeye ni wakili wa wapi. Akasema yeye ni "msaidizi wa wananchi". Nikamshukuru nikaenda zangu. Baadaye nilielezwa kwamba Sheria ya Mawakili, kifungu cha 34, inamkataza asiye wakili kuandaa kwa malipo karatasi za kuomba usimamizi wa mirathi, na kwamba karatasi ya namna hiyo yapasa ionyeshe jina na anwani ya aliyeiandaa. Ukiona pale chini pameachwa wazi, ujue aliyeandika hataki kutafutwa.

Ndani ya ofisi kuna benchi moja la mbao na feni inayolia. Tulikaa wengi. Aliyekuwa ubavuni mwangu ni mama wa makamo kutoka Ganda, mwanawe alikuwa dereva wa bodaboda, akagongwa na gari kwenye barabara ya Mombasa. Yeye naye alifuata ad litem, lakini yake ilikuwa ya kufungulia kesi, si ya kuendeleza. Kampuni ya bima ilikuwa imemwambia kwa simu asubiri, watamwita. Karani alipolisikia hilo aliweka kalamu chini. "Mama, walisema wataita lini?" Hakujua. Karani akamweleza kwamba kesi ya madhara kama hayo ina miaka mitatu kisha mlango unafungwa, na kwamba atakayekwenda mahakamani kwa niaba ya mali ya marehemu lazima awe ameshapata hati kabla ya kufungua kesi, si baada. Yule mama hakuwa mteja bado, hajalipa hata shilingi. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda ofisi.

Zamu yangu ilipofika, wakili, kijana mwembamba mwenye adabu, hakuniuliza nina pesa kiasi gani. Aliuliza, "Mama, mnataka kuendesha kesi au mnataka kurithi?" Nikasema yote mawili. Akacheka, akasema basi ni safari mbili, zisichanganywe.

Maelezo yake nimeyabeba kichwani mpaka leo, kwa hiyo nayaandika, huenda yakamfaa mtu. Ad litem ni Kilatini, maana yake ni kwa ajili ya kesi. Haisimami peke yake, inafuata jina la kitu au la mtu na kumwekea mipaka: una mamlaka, lakini ya kesi hii, na kesi ikiisha mamlaka yako yamekwisha. Akanipa mfano ambao sikuutarajia kwenye ofisi ya ghorofani Malindi. Ile mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha, ya mauaji ya Rwanda, ilizidiwa na mashauri, na mwaka 2002 Baraza la Usalama likaidhinisha orodha ya majaji 18 wa ad litem. Walikuwa majaji kweli, wenye majoho, wanahukumu watu kifungo cha maisha, lakini waliitwa kwa mashauri maalumu, hawakuwa majaji wa kudumu wa mahakama ile. "Wewe utakuwa hivyo kwa shamba la mzee," akasema. "Msimamizi kweli, ila wa kesi."

Nikamwuliza, mdogo wetu wa mwisho, ambaye hajafika miaka 18, naye alitajwa kwenye barua ya chifu, je anahitaji ad litem? Akasema neno ni lilelile, kazi ni nyingine. Mtoto akishtakiwa katika kesi ya madai, mahakama humwekea mlezi ad litem wa kumsemea kwenye kesi hiyo. Mtoto akiwa ndiye anayedai, anayesimama kwa niaba yake hupewa jina jingine, rafiki wa karibu. Uingereza, kulikotoka mtindo huu, walichoka na majina yote mawili mwaka 1999 wakaweka moja, rafiki wa kesi. Sisi tumeng'ang'ania Kilatini. Mimi sioni ubaya, maana neno geni angalau humfanya mtu aulize maana yake. Lingekuwa "barua ya usimamizi" tupu, ami yangu angekuwa ameshauza. Nitafika kwake.

Akaongeza la kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno ya mwaka 1987, ambayo nilidhani naijua, kwani nani wa rika langu hakuisikia redioni? Sisi tunaikumbuka kwa mabishano ya mjane na ukoo kuhusu azikwe wapi. Mawakili wanaikumbuka kwa jambo jingine pia: Mahakama ya Rufani ilisema anayefungua kesi kama msimamizi wa mirathi kabla hajapata barua za usimamizi, yaani hati ya mahakama ya kumpa kazi hiyo, hana kesi, hata barua zije baadaye. Nilimtazama yule mama wa Ganda, naye alikuwa akisikiliza.

Kuhusu kurithi, alikuwa mkali kidogo. Sisi ni Waislamu, kugawana ni kwa kadhi, na Katiba kifungu cha 170 inampa kadhi mambo ya mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Hati kamili ya usimamizi nayo ina mlolongo wake: tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, siku zisizopungua 30 za kungoja pingamizi, halafu kwa kawaida miezi sita kabla ya kuthibitishwa. "Hii ad litem, mama, haiwagawii hata nazi moja." Aliirudia sentensi hiyo mara mbili na akamwagiza karani aiandike kwenye risiti, kwa kalamu, chini ya kiasi nilicholipa. Risiti ninayo. Sijawahi kuona mfanyabiashara anayeandika kwenye risiti kitu ambacho bidhaa yake haifanyi. Mimi mwenyewe kwenye leso zangu siandiki kwamba rangi itachuja.

Sasa karani. Huyu dada ndiye aliyenifanya nitoe nyota nne badala ya tatu. Alichukua karatasi zangu zote akazipanga mezani, akatoa rula ya shule, ile ya mbao yenye kingo za wino, akaiweka chini ya mstari wa kwanza wa cheti cha kifo akasoma jina kwa sauti, herufi moja moja. Kisha akahamisha rula kwenye kitambulisho. Kisha kwenye hati ya shamba, karatasi ya zamani iliyokunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu, kutoka ule mfumo wa usajili wa ardhi ya Pwani ulioanza na sheria ya 1908. Rula ikasimama. Jina la babu yetu kwenye hati ya shamba ni Athmani. Kwenye kitambulisho cha baba ni Athman. Kwenye cheti cha kifo, aliyejaza alisikia anavyosikia yeye, akaandika Osman. "Dada, hawa ni watu watatu," akaniambia bila kuinua macho.

Ndugu zangu wa Pwani mnajua hili. Mohamed, Muhammad, Mahamudi kwa karani mvivu. Fatuma, Fatma, Fatima. Nyumbani hakuna anayepotea, lakini upande wa pili una wakili wake, na wakili huyo analipwa ili apoteze watu. Karani aliandaa hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba majina yote matatu ni ya babu mmoja, nikala kiapo mbele ya kamishna wa viapo siku hiyohiyo, ikaambatanishwa. Siku ya kesi, wakili wa jirani alisimama kuuliza habari ya Osman. Hakimu akamwelekeza kwenye ukurasa, wakili akakaa.

Jingine ambalo sikulipia. Warithi wengine wanapaswa kuweka saini kukubali kwamba fulani ndiye atakayesimama, na mama alikuwa bado yumo edani. Ningeambiwa nimbebe mama mpaka mjini ningegombana na ukoo mzima. Karani akafunga kazi jioni, akavaa buibui lake, akaja nyumbani na faili kwenye kikapu cha ukili. Aliingia, akatoa pole, akanywa chai, akakaa kimya muda wa kutosha. Ndipo akamwambia, "Mama, hii si ya kugawa kitu cha mzee. Ni ya kusema maneno aliyokuwa akiyasema yeye." Mama akauliza, "Ule mwembe umo?" Karani akamfungulia ukurasa ambapo baba alikuwa ameutaja. Mama hasomi hati za mahakama, lakini aliweka kidole kwenye mstari ule, kisha akaweka saini. Angekuwa karani mwanamume, jambo hilo lisingewezekana kabisa, na nadhani mawakili wengi wa hapa hawajalifikiria.

Hati ilitoka mwaka wetu ukiwa bado una pumzi, nikaingizwa kwenye kesi badala ya baba. Faili siku hizi huingizwa kwa mtandao na ada ya mahakama hulipwa kwa simu, kwa hiyo ile hadithi ya faili kupotea kabatini imepungua, ingawa mtandao nao ukilala hulala kweli.

Ami yangu, mdogo wake baba, aliposikia hati imetoka alikuja dukani ananukia udi, akaomba nakala "ya kumbukumbu". Nikampa, ni haki yake kujua. Kumbe alishapatana na mnunuzi wa ekari mbili upande wa barabara. Mnunuzi, sifa zake, hakutoa pesa kwanza, akampelekea wakili wake ile nakala. Wakili akaisoma akauliza swali moja: hati iliyothibitishwa iko wapi? Maana ardhi ya marehemu haiuzwi kabla hati kamili haijathibitishwa, na hii ya kwetu imeandikwa mstari wa pili kabisa kwamba ni ya kuendesha kesi nambari fulani na si zaidi. Biashara ikavunjika mezani. Ami alinuna, akasema nimemdhalilisha. Nikamwambia, "Ami, Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inasema anayechezea mali ya marehemu bila idhini anaweza kutozwa hadi shilingi 10,000, au jela hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nimekuokoa." Hajanishukuru mpaka leo, lakini Idi iliyopita alileta halua.

Nililifikisha hilo ofisini, na wakili akasema hutokea sana, hasa kwenye fidia za ajali. Mtu anapata ad litem, anashinda kesi, kisha anadhani kugawa pesa ni juu yake. Kwa hiyo kila mteja siku hizi wanamwandikia ile sentensi kwenye risiti.

Mabaya, sasa. Ngazi ni za kuua mtu. Hazina mkono wa kushikilia, saruji imemegeka, na balbu ya katikati haijawaka tangu niijue. Wateja wa ofisi hii ni wajane na wazee, ndio wenye marehemu, na mzee mmoja alipanda akiwa ameshikwa na wajukuu huku na huku. Nimesema nao. Wanasema ni jukumu la mwenye nyumba. Basi karani ashuke chini, mbona kwetu alikuja? Pili, nakala wanatoza shilingi 10 kwa ukurasa ilhali saiba, duka la kompyuta la karibu, ni nusu yake, na hati moja ya kiapo na viambatisho vyake inaweza kuwa kitabu. Tatu, simu. Wakili akiwa mahakamani hapokei, hilo naelewa, lakini akirudi hapigi. Nilijua tarehe ya kesi imesogezwa nikiwa nimeshafunga duka na kuvaa. Malindi ni mji mdogo, lakini siku ya soko kufunga duka ni hasara.

Bei yao ilikuwa 12,000 kwa hati hiyo, mbali na ada ya mahakama na kiapo. Si rahisi. Wapo wanaotoza zaidi na wapo wa chini ya mwarobaini. Walikubali nilipe kwa awamu mbili na hawakunitumia ujumbe wa vitisho nilipochelewa ya pili. Kabla ya kulipa nilitafuta jina la wakili kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, kuona kama leseni yake ya mwaka huu ipo, nikalikuta. Fanyeni hivyo popote mwendapo, ni dakika chache kwenye simu.

Kwa kesi ya shamba iliyokatishwa na kifo, au ajali, nendeni huku bila wasiwasi. Kwa mirathi kamili yenye wake wawili na nyumba tatu, mimi ningeanza kwanza na kikao cha ukoo, halafu kadhi, kwa sababu kijana huyu ni mzuri wa karatasi lakini watu wakipandisha sauti ofisini kwake huwa anatazama dirishani. Nendeni asubuhi kabla jua halijakaza, mkiwa na cheti cha kifo halisi na nakala zake, vitambulisho vya warithi wote, barua ya chifu, na kila karatasi yenye jina la marehemu hata kama mnadhani haifai. Ijumaa wanafunga saa sita na hawafungui tena.